Namna ya kumfikishia waziri swali lako la mpaka na biashara ukipitia mbunge wa upinzani

Naandika hii kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki, wakulima wa embe na yeyote hapa Lamu au Malindi ambaye riziki yake imekwama kwa sababu ya jambo la nchi za nje na hajui aanzie wapi. Nimewaandikia watu wa diko letu, pale tunaposhushia samaki, karatasi za aina hii mara kadhaa, zingine zilifika zingine zikafia njiani, na saa hizi najua zilifia wapi.

Kwanza mlango. Hapa ndio watu wanapoteza miezi. Ukimwendea MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ukamwambia habari ya mpaka wetu na Somalia pale Kiunga atakusikiliza kwa heshima lakini hana la kufanya, manake katiba ya Kenya ya 2010 kwenye jedwali la nne imegawa kazi, mambo ya nje na biashara ya kimataifa ni ya serikali kuu, kaunti imepewa uvuvi, masoko, leseni za biashara na vitu kama hivo. Kwahiyo barafu ikikosekana dikoni, hio ni kaunti. Kamba wako wakishindwa kuvuka mpaka au embe zako zikarudishwa na nchi ya watu, hio ni Nairobi, na Nairobi mdomo wako ni mbunge au seneta.

Sasa mbona upinzani? Sisemi wa upande wa serikali ni wabaya, wengine wanasaidia sana. Lakini mbunge aliye karibu na serikali mara nyingi atampigia waziri simu, atajibiwa kwa simu, atakuja kukwambia "nimeongea naye, linashughulikiwa" na hapo huna kitu mkononi. Wa upinzani atataka kuuliza mbele ya watu, na jibu likitolewa mbele ya bunge linaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, ukiwa na Hansadi una ushahidi. Halafu jua hili: si lazima awe mbunge wako. Bunge la Taifa lina wabunge 349, Seneti ina maseneta 67, na yeyote kati yao anaruhusiwa kuuliza habari ya Kiunga hata kama anatoka bara. Tafuta aliye kwenye kamati inayohusika, kule Bunge la Taifa iko kamati ya ulinzi, ujasusi na mahusiano ya kigeni na iko nyingine ya biashara, viwanda na ushirika. Aliye ndani ya kamati ana nguvu zaidi, sababu kifungu 153 cha katiba kinamlazimu waziri kufika mbele ya kamati akiitwa, na kifungu 125 kinaipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai karatasi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni swali kwa waziri, toka 2023 mawaziri wanakuja mbele ya bunge zima kujibu, kawaida ni Jumatano. Ya pili mbunge anaomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati. Ya tatu ni petisheni, ombi la maandishi lenye sahihi, hii ni yenu nyinyi wananchi, iko kifungu 119, na mbunge anaweza kuiwasilisha kwa niaba yenu au muipeleke wenyewe kwa karani wa bunge. Kwa jambo la haraka nenda na swali. Kwa jambo la watu wengi lililokaa miaka, petisheni, maana kule Bunge la Taifa kamati inapewa muda maalum wa kuishughulikia.

Haya, sasa kuandika lenyewe, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo manake ndio moyo wa kazi yote.

Siku moja tumekaa barazani mimi na mzee mmoja nahodha, mtu wa Pate, nikamsomea swali nililoandika usiku kucha nikiwa najisifu: "Je, serikali ina mpango gani kuhusu mateso ya wavuvi wa Lamu mpakani?" Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, chubwi iko wapi?" Sikumwelewa. Akasema, "Mshipi huo hauna chubwi, utaelea juu tu, waziri atajibu kuwa serikali inawajali wavuvi, na mambo yaishe hapo." Nikakaa kimya. Alikuwa amesema kweli.

Tukaliandika upya, akiwa yeye ndio anakumbuka tarehe na mimi naandika. Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa 2011. Mei 2023 serikali ilitangaza utafunguliwa kwa hatua, Mandera kwanza, kisha upande wa Garissa, na wa kwetu wa Kiunga na Ras Kamboni ukapewa siku 90. Julai 2023, baada ya mashambulizi, serikali ikasimamisha. Kwahiyo swali likawa hivi:

"Waziri aeleze: (a) ni masharti gani yaliyowekwa Julai 2023 ili kituo cha Kiunga kifunguliwe, (b) ni yapi yametimia na yapi hayajatimia mpaka leo, (c) nani ana jukumu la kila sharti lililobaki na kwa tarehe gani."

Tazama tofauti. Hakuna mateso, hakuna machozi, na waziri hana pa kupitia. Kila kipande kinadai kitu kimoja chenye tarehe au jina la ofisi. Na hakuna kipande kinachouliza wanajeshi wako wapi au wanafanya nini, ukigusa hapo utaambiwa ni siri ya usalama na swali limezikwa. Uliza utaratibu, tarehe, pesa, fidia, hayo si siri.

Kwa wenzetu wa Malindi na Magarini kwenye embe ni vile vile. Watu wanasema "Ulaya wanatubagua", jamani hilo si swali. Kenya na Umoja wa Ulaya walitia sahihi mkataba wa biashara Desemba 2023, ukaanza kazi 1 Julai 2024, bidhaa zetu zinaingia bila ushuru. Lakini embe haikuwahi kuzuiwa na ushuru, ilizuiwa na nzi wa matunda, mpaka Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka Ulaya 2014 na ikaanza tena 2021. Basi usiulize ushuru. Uliza ni maeneo mangapi ya Kilifi yamethibitishwa hayana nzi, mashine ya maji moto ya kusafisha embe iko wapi iliyo karibu na mkulima wa Magarini, na toka 1 Julai 2024 ni tani ngapi za embe za kaunti hii zimefika Ulaya. Waziri akisema sifuri, hio sifuri imeandikwa na mbunge anaweza kuanzia hapo.

Kabla ya kumpelekea mheshimiwa, omba taarifa kwanza kwa ofisi husika kwa barua, kuna sheria ya 2016 ya kupata habari na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Wasipojibu jiwekee mwenyewe nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, manake kwenye petisheni lazima useme ulijaribu wapi na ukajibiwa nini. Pia useme kama jambo liko mahakamani. Usifiche hili, likigundulika yote yanaangushwa.

Kuhusu petisheni yenyewe nisikilizeni vizuri, mimi hii ilinichoma. Tulizunguka wakati wa kusi, watu hawaendi bahari kuu, sahihi tukapata nyingi, lakini tulizichukua kwenye daftari la shule halafu tukakata kurasa tukazigandisha na gundi kwenye barua. Ilirudishwa. Sheria inasema sahihi au alama ya kidole iandikwe moja kwa moja kwenye petisheni, na namba ya kitambulisho na anwani, usigandishe. Kila ukurasa uwe na mada yake juu. Usikate neno ukaandika lingine juu yake. Usiambatishe barua wala picha. Mwisho uwe na ombi moja lililo wazi. Wazee wa watu walikuwa wametoka Faza na Kizingitini kwa boti kuja kutia kidole, na ikabidi niwafuate mmoja mmoja kuwaomba tena, sitaki mtu mwingine apitie hilo.

Na andikeni kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya bunge, msikubali kuambiwa mtafute wa kutafsiri.

Ukionana na mheshimiwa, wengi wako nyumbani wikendi au bunge likiwa mapumzikoni, mpe karatasi moja tu, na chini yake weka maswali mawili ya nyongeza. Hayo ya nyongeza ni muhimu kuliko swali lenyewe. Jibu la kwanza waziri analisoma kwenye karatasi aliyoandikiwa na wataalamu wake, la nyongeza anajibu kwa kichwa chake. Mfano, akisema masharti mawili yamebaki, mheshimiwa aulize palepale, "bajeti ya hayo mawili iko mwaka huu wa fedha au haiko?" Mwombe pia mheshimiwa asilichanganye na siasa zake. Wanapenda kuongeza hotuba, na spika akiona hotuba ndani ya swali analikata. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Likiulizwa, usingoje gazeti. Hansadi iko kwenye tovuti ya bunge, tafuta tarehe ile, soma jibu neno kwa neno, piga mstari kila mahali waziri alipoahidi. Ahadi ikipita tarehe yake, mbunge aipeleke kwa kamati ya utekelezaji, kazi yake ni kufuatilia yale serikali iliyoahidi bungeni. Na ule ukurasa uchapishe, upeleke dikoni, ubandike pale penye mizani ya samaki ili wale waliotia vidole wauone.