Jinsi ya kuendesha baiskeli bondeni: tambarare, mabwawa na misitu

Watu wengi wakiona ramani ya bonde la mto, tambarare mwanzo mwisho, hamna hata kilima, wanasema hiyo ni ruti ya kupumzikia, afu wanarudi wamechoka kuliko wenzao waliopanda milima. Mlimani ukishafika juu unashuka, na ukishuka miguu inapumzika, unanyoosha mgongo, unakunywa maji. Kwenye tambarare hamna mteremko, ukiacha tu kukanyaga pedeli spidi inaanza kuisha, kwa hiyo unakanyaga masaa matatu mfululizo kwa mkao uleule, na juu ya hapo kuna upepo. Mimi nasema ukijua kupanga safari kwa kufuata upepo, bonde ni sehemu tamu kuliko zote kwa baiskeli ya rodi. Kwa hiyo kwenye upepo nitakaa sana, mengine tutayapitia haraka.

Anza na hesabu kidogo. Nguvu unayotumia kupambana na hewa haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa mchemraba wa spidi, yaani spidi mara spidi mara spidi. Ukitoka kilomita 25 kwa saa ukaenda 30, ile nguvu ya kukata hewa peke yake inaongezeka zaidi ya asilimia 70, wakati spidi imeongezeka asilimia 20 tu. Sasa weka na upepo wa kilomita 20 unaokuja usoni, wewe unaenda 30, hewa inakupiga kifuani kama mtu anayekimbia 50. Ndo maana unaona mtu ana miguu mizuri kabisa lakini anahangaika kwenye barabara iliyonyooka.

Na usijidanganye kwamba upepo utakaokuchelewesha kwenda utakurudishia muda wote wakati wa kurudi. Chukua kilomita 60, yaani 30 kwenda na 30 kurudi. Bila upepo kwa spidi ya 30 ni masaa mawili. Upepo ukikushusha mpaka 20 wakati wa kwenda, hiyo ni saa moja na nusu, afu kurudi ukusukume mpaka 40, dakika 45. Jumla masaa mawili na robo. Muda unaopotea kwenye upepo wa mbele haurudi wote, kwa hiyo usiufukuze, acha saa iseme inachotaka.

Kanuni ya kwanza basi, nenda ukiwa unaupinga upepo, rudi ukiwa umeupa mgongo. Kila mtu anaijua hii lakini wachache wanaifuata, kwa sababu kuanza na upepo wa nyuma kunanoga, unajiona una nguvu siku hiyo, unafika mbali, ukigeuza ndo unakutana na ukweli ukiwa umeshachoka na maji yameisha. Angalia utabiri kabla ya kutoka, uangalie mwelekeo na siyo nguvu tu, na ukumbuke wanaposema upepo wa kaskazini maana yake unatoka kaskazini. Bonde lenye kingo pande zote mbili mara nyingi linaupinda upepo ufuate mto, kwa hiyo ukipanda na mto unaweza kuupata usoni safari nzima. Na asubuhi na mapema huwa kumetulia, jua likishapasha ardhi hewa ya juu na ya chini zinaanza kuchanganyika na upepo unaamka, mchana ndo unakuwa mkali. Ukitoka alfajiri umeshajipunguzia nusu ya kazi.

Mabwawa yenyewe yanakusaidia kusoma upepo ukiwa njiani. Tazama maji. Ule upande ambao upepo unatokea maji karibu na ukingo yanakuwa laini, hasa kama kuna miti, afu kadiri unavyoenda ng'ambo viwimbi vinaongezeka. Matete nayo yanainama kuelekea kule upepo unakokwenda. Mimi hii napenda kuliko simu, maana simu inakwambia hali ya eneo zima lakini matete yanakwambia kitakachokupata mita mia mbili mbele.

Sehemu ya kuwa makini zaidi ni pale unapotoka msituni kuingia kwenye uwazi wa bwawa. Ndani ya miti kumetulia, umejiachia, mkono mmoja labda umeshika chupa, unatoka tu unakutana na upepo wa ubavuni kwa mkupuo mmoja na gurudumu la mbele linahama. Ukiona mwanga mbele na nyasi za pembeni zimelalia upande mmoja, rudisha chupa, shika usukani kwa mikono yote miwili, inamisha mwili kidogo, viwiko vilegee, usiubane usukani kwa nguvu, na uache nafasi ya kusukumwa bila kuingia kwenye njia ya magari wala kutoka nje ya lami. Mwenye rimu ndefu za kaboni, zile zenye ukuta mpana kutoka tairi kuelekea katikati ya gurudumu, huu upepo unamsumbua mara mbili, siku ya upepo mkali afadhali uweke rimu fupi mbele.

Mkiwa wengi, saidianeni. Kukaa nyuma ya mwenzako kunapunguza kazi sana, unaweza kuokoa robo ya nguvu na hata zaidi. Ila kama hamjazoeana achianeni mita moja, na usiweke kamwe gurudumu lako la mbele likapishana na la nyuma la mwenzako, akiyumba kidogo tu wewe ndo unayeanguka, yeye anaweza hata asijue. Upepo ukitoka kushoto kaa nyuma yake upande wa kulia kidogo, ukitoka kulia kaa kushoto, lakini ndani ya njia yenu tu, msitanuke barabara nzima. Anayeongoza asikae mbele mpaka apasuke, dakika moja au mbili zinatosha, anasogea pembeni anarudi nyuma, na anayeingia mbele asiongeze spidi. Hii ya kuingia mbele na kukimbia ndo inavunja makundi mengi.

Giya, weka nyepesi kuliko unavyodhani. Kwenye tambarare mtu anaweka giya nzito kwa sababu inasogea, afu magoti yanamlipia. Zungusha mizunguko 80 mpaka 95 kwa dakika, upepo wa mbele ukija shusha giya moja ubaki na mzunguko uleule, spidi iende inakoenda.

Mwili nao. Kwa kuwa hamna kilima cha kukuinua kwenye kiti, jiinue mwenyewe, kila baada ya dakika kumi hivi simama kwenye pedeli sekunde kumi damu ipite. Mikono ibadilishe, juu kwenye breki, chini, katikati. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja umebanwa, usingoje, badilisha mkono hapohapo. Maji kama nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, na ukizidi saa moja na nusu uwe unakula wanga gramu 30 mpaka 60 kila saa. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona kwa hiyo watu wanasahau kunywa.

Msituni shida ni macho na tairi. Ukitoka kwenye jua kali macho yanahitaji muda kidogo kuzoea kivuli, na mashimo yanajificha humo humo kwenye vile vivuli vya madoadoa. Miwani nyeusi sana haifai, vaa ya rangi nyepesi. Lami ya kivulini inachelewa kukauka, ina majani yaliyolowa na ule ukijani wa kuteleza, kwa hiyo punguza spidi kabla ya kona na siyo ndani ya kona. Mizizi inainua lami pia, ukiona mkunjo unaokatiza barabara uvuke ukiwa umenyooka, umejiinua kidogo kwenye kiti. Tairi ya upana wa milimita 28 inatosha, mtu wa kilo 70 aanze karibu na psi 70 (psi ni kipimo cha presha ya hewa ndani ya tairi) halafu arekebishe, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye tairi na rimu.

Ramani isome ukitafuta madaraja. Kwenye bonde la mabwawa barabara hainyooki unavyotaka, bwawa dogo tu linakuzungusha kilomita kadhaa, na mto unavukika sehemu chache. Mimi napanga hivi, napanda na ukingo mmoja, navuka, narudi na ukingo wa pili, na naweka daraja la karibu kama sehemu ya kuamua, upepo ukizidi navukia hapo nafupisha. Njia za juu ya matuta ya mabwawa zinavutia lakini nyingi ni changarawe, nyembamba, zina wavuvi na ndoano zao, pita taratibu piga kengele. Maji yakiwa yamefunika barabara geuza, huoni kina wala huoni kama lami bado ipo chini.

Usiku ukiwa mweupe bila mawingu wala upepo, tegemea ukungu asubuhi, hewa baridi inatulia chini bondeni na mabwawa yanatoa unyevu. Washa taa za mbele na nyuma hata kama kumekucha. Jioni ni wadudu, vaa miwani, funga mdomo ukipita kando ya maji, na wanyama wanavuka barabara saa hizo.

Ukifika nyumbani jikague kupe kama ulisimama kwenye majani, nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye mstari wa soksi. Ukimkuta mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu kwa kunyoosha, usimchome moto wala kumpaka mafuta, safisha pale, na ukiona wekundu unatanuka au homa ndani ya wiki zinazofuata nenda kwa daktari umwambie uling'atwa lini.