Mmeachana, na likizo ya Desemba ndo hiyo inakuja? Yamalizeni haya kabla mtoto hajapanda basi

Likizo ya Desemba ndo inaleta ugomvi kuliko zote kwa wazazi walioachana, maana ile ya Juni ni fupi na wengi wanaelewana tu kwa simu, ila Desemba kuna Krismasi, kuna mwaka mpya, bibi na babu wanataka kuona wajukuu, kuna ubarikio na harusi za ukoo, na kila upande unaona mtoto ni wa kwao. Kwa hiyo anzeni kuongea mwezi wa kumi au wa kumi na moja mwanzoni, msisubiri shule ifungwe.

Cha kwanza kabisa mkubaliane tarehe ya kurudi. Watu wanaanza na ya kwenda, lakini magomvi mengi ninayoyaona yanaanzia kwenye kurudi, mtoto alitakiwa awe ameshafika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mara oh nauli imepanda, mara bibi anaumwa anataka akae naye kidogo, mara simu haipokelewi, na yule aliyebaki anaanza kuwaza kwamba ndo keshanyang'anywa mtoto, basi mwaka unaofuata hamtoi tena. Yaani mzazi anang'ang'ania siku nne za ziada anaikosa likizo nzima ijayo. Tiketi ya kurudi ikatwe mapema pamoja na ya kwenda, wenye kwao Moshi, Arusha au Bukoba wanaijua ile hali ya Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, wiki ya Krismasi, na Januari mambo ni yaleyale, wote wanarudi mjini kwa mpigo.

Halafu yaandikeni. Si lazima kwa mwanasheria, meseji inatosha ila iwe imekamilika: "Baba Neema, habari za kazi. Neema atapanda gari Jumamosi tarehe 13 asubuhi akiwa na mama yake mdogo, naomba umpokee stendi mwenyewe. Atarudi Jumapili tarehe 4 Januari, ya kwenda nalipa mimi, ya kurudi wewe." Na yeye ajibu kwamba amekubali. Meseji ya namna hiyo inazuia mengi sana, maana kila mtu akibanwa anakumbuka anavyotaka.

Kuhusu sikukuu yenyewe, wengi wanapeana zamu, mwaka huu Krismasi kwa mama na mwaka mpya kwa baba, mwakani mnageuza. Kwa Waislamu msiandikiane tarehe, Idi kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11 na mwezi unaweza kuandama leo au kesho, nyie semeni tu Idi el Fitri atakuwa kwa nani na Idi el Hajj kwa nani, na kama mnaishi mji mmoja mtoto anaweza kuswali na baba asubuhi, mchana akala pilau kwa mama. Kama dini zenu ni tofauti liongeeni hilo kabla, mtoto asije akafika kule akakuta anavutwa.

Sasa begi. Kopi ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima kama anayo, kazi za likizo alizopewa shule, na dawa zake. Mtoto mwenye pumu ile pampu yake ikae kwenye kibegi cha mkononi, isiwekwe kwenye buti la basi, na anayempokea aelekezwe namna ya kuitumia, asiambiwe tu "dawa zipo". Mtoto aliyekulia sehemu za baridi kama Arusha mjini au Makete mwili wake haujaizoea malaria, kwa hiyo akienda Geita au Pwani alale kwenye neti kila siku na akipata homa yoyote akapimwe siku hiyohiyo, wasimpe panadol wakasubiri. Na nywele jamani, kule anasukwa rasta anapendeza, halafu anarudi usiku wa kuamkia shule na shule yao hairuhusu, mama anakesha anafumua huku mtoto analia. Semeni mapema zifumuliwe kabla hajasafiri.

Hela ya matunzo msiichanganye na kumuona mtoto. "Hujatuma hela humuoni" inamuumiza mtoto zaidi kuliko huyo baba, deni la matunzo lina njia zake za kudaiwa. Na mtoto asitumwe kubeba maneno, mwambie baba yako alete ada, muulize mama yako yule nani anakuja hapo nyumbani, hapana. Wala msimuulize anampenda nani zaidi au anataka kukaa wapi mbele ya mwenzako. Kama kule kuna mama wa kambo, wewe mzazi mwambie mtoto kwa mdomo wako amsalimie na amheshimu, ukikaa kimya atadhani kumpenda yule ni kukusaliti wewe.

Kama mzazi mwenzako aliwahi kumpiga au kumdhuru mtoto, hayo yote juu hayakuhusu, usimpeleke, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Na mkishindwana kabisa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, ikishindikana na hapo ndo mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, ila hilo linaweza kupingwa kukiwa na sababu, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi asiyeishi na mtoto kuomba nafasi ya kumuona, mahakama inaangalia umri, maoni ya mtoto mwenyewe kama hakupangiwa cha kusema, na kutotenganisha ndugu. Ila muende mapema, ukifika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi unakuta maafisa nao wameshasafiri.