Chati ya nyota na poti: tulivyomtoa mtoto kwenye pampasi hapa Goma

Mdogo wangu alinipigia simu mwezi wa saba: "Yaya (mkubwa wangu), Septemba mtoto anaanza matenele (shule ya chekechea) na bado anavaa pampasi. Nisaidie." Mimi nilishalea wawili, na wa kwanza alinitoa jasho, kwa hiyo nikamwambia amlete mtaani kwetu Himbi wakae kwangu wiki mbili. Tulitumia poti, yaani kijichoo cha mtoto cha kukalia, na chati ya karatasi anayobandikia nyota za zawadi. Tulifanya hivi, pamoja na kosa lililotupotezea siku kadhaa.

1. Mtazame mtoto kwanza

Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3, lakini umri peke yake hautoshi. Je, anakaa mkavu kama saa mbili? Anashusha chupi mwenyewe? Ukimwambia "leta kiatu" anakileta? Wetu alikuwa anajificha nyuma ya pazia kila alipotaka kunya. Hiyo ni dalili nzuri, maana anajua kinachokuja. Kama mmehama juzi au kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba, ngoja kwanza.

2. Poti

Ya plastiki, fupi, nyayo zake zifike chini. Kwenye maduka ya Birere, hapa mjini, utaipata. Zile za muziki na taa sizitaki kabisa: siku betri zinakufa, mtoto naye anagoma. Na usianze na choo cha nje. Shimo linamtisha, na kwenye parseli (viwanja) nyingi huku choo kimeinuliwa kwa ngazi kwa sababu mawe ya volkano hayachimbiki kirahisi.

3. Chati

Geuza kalenda ya mwaka jana, chora safu saba za siku kwa kalamu nene, ining'inize karibu na poti, usawa wa macho ya mtoto na si ya kwako. Stika si lazima. Fundi cherehani atakupa vipande vya kitenge bure, ukate vidogo kama kucha ya dole gumba, tuviite nyota. Gundi ni unga wa muhogo uliokorogwa na maji ya moto mpaka ung'ae. Mende wanaipenda gundi hiyo, basi kila wiki weka karatasi mpya. Mtoto abandike mwenyewe, hata kama nusu itakaa upande. Chati za kwenye simu usinitajie: mtoto ataitaka simu, na nyota ataisahau.

4. Nyota inatolewa kwa kazi gani

Soma hapa polepole.

Siku ya kwanza tuliweka sheria: mkojo ndani ya poti, nyota moja. Jioni alikuwa na nyota kumi na moja. Alikuwa amegundua biashara: matone matatu, anasimama, "nyota!", anabandika, anarudi kukaa, matone mengine matatu. Tulicheka mpaka machozi.

Siku ya pili mama yake akakaza sheria: nyota ni ya haja kubwa tu. Hapo ndipo tulipoharibu. Mtoto aliona jinsi tulivyokuwa tunamkodolea macho, akabana. Siku ya kwanza ya kubana hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tatu tumbo limekuwa gumu na hataki hata bugali. Siku ya nne chupi ikaanza kuchafuka kwa kinyesi chepesi, na mdogo wangu akakimbilia dawa ya kuzuia kuhara. Nilimzuia mlangoni. Kinyesi kigumu kinapoziba, kile cha majimaji hupenya pembeni yake. Ukimpa dawa ya kufunga tumbo unaziba zaidi. Tulimpeleka kituo cha afya. Tukamrudishia pampasi bila maneno, tukamwongezea maji, papai na maharagwe, poti tukaiweka pembeni mpaka alipoanza kunya laini bila kulia. Kama mtoto wako anatapika, tumbo limevimba au kuna damu, usijaribu papai, nenda kituoni moja kwa moja.

Tuliporudi kwenye poti tulibadilisha kitu kimoja tu: nyota ni ya *kukaa*. Kukaa kuko mikononi mwake. Kinyesi hana amri nacho, na ukikifanya kuwa bei ya zawadi utamfundisha kubana. Anakaa akiamka, baada ya kila chakula na kabla ya kulala. Ya baada ya chakula ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo wa chini nao huanza kusukuma. Dakika 15 hadi 30 baada ya kula ndiyo saa yake. Mwimbie wimbo mmoja au miwili, isizidi dakika tano. Kimetoka au hakikutoka, nyota anapata. Alipozoea, siku ya tatu au ya nne, tuliongeza nyota ya kusema mwenyewe "nataka poti" kabla hajalowana. Kikitoka, mpongeze kwa mdomo, usimwongezee nyota.

Nyota itolewe pale pale. "Baba akirudi kazini" kwa mtoto wa miaka miwili ni sawa na mwakani.

Na usiibandue. Mjomba wake alimtolea nyota mbili kwa sababu alikojolea mkeka, na siku nzima mtoto hakuisogelea ile chati. Mshahara ukishalipwa haurudishwi; watu wa huku tunajua uchungu wa mshahara usiofika.

Nyota tano zilimpa safari moja ya kukaa juu ya chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ya jirani, akisukumwa polepole hadi kona. Bibi yake alitaka pipi. Tulibishana, nikashinda.

5. Akilowana

"Mkojo unaenda kwenye poti." Futa, mbadilishe, basi. Usiwaite majirani waje kumtazama.

6. Kinyesi na mikono

Kimwage chooni, si kwenye nyufa za mawe nyuma ya nyumba. Watu husema kinyesi cha mtoto hakina neno. Kinabeba kipindupindu kama cha mtu mzima, na Goma inakumbuka mlipuko wa 1994. Suuza poti kwa maji yenye javeli (dawa ya klorini). Mikono yake na yako kwa sabuni, hata kama bidoni ya maji imebaki nusu. Msichana anapanguswa kutoka mbele kwenda nyuma.

7. Usiku

Mwache na pampasi. Aliyelala hajiongozi, kwa hiyo usiku hauna nyota. Si ajabu mtoto kulowana hadi miaka mitano na zaidi.

8. Kuondoa chati

Hatukuiondoa sisi. Siku moja asubuhi alishusha chupi, akamaliza, akanawa, akatoka mbio kucheza. Mama yake akamfuata na kipande cha kitenge mkononi. Nikamwambia: mwache, amesahau. Kwenye mkoba wa matenele tuliweka chupi mbili za akiba, tukamfundisha kumwambia mwalimu "nataka choo" kwa sauti kubwa, maana poti hataikuta kule.