Ruta na gemu za mtandaoni: NAT kali, kukwama na pingi ya juu

Kabla hujagusa ukurasa wowote wa ruta, jua kwanza unaumwa nini. Malalamiko ya wachezaji huwa ya aina tatu, na kila aina ina chanzo chake. Ya kwanza: gemu inafunguka lakini hupati wa kucheza naye, husikii sauti za wenzako, au rafiki mmoja hawezi kabisa kujiunga nawe ilhali wengine mnacheza vizuri. Hiyo ni NAT, yaani namna ruta inavyozifanya mashine zote za nyumbani zitumie anwani moja ya intaneti. Ya pili: mechi inaanza safi, halafu inaganda sekunde moja mbili kila mtu wa nyumbani anapotuma video au simu inapohifadhi picha mtandaoni. Hapo shida ni Wi-Fi, au foleni ndani ya ruta. Ya tatu: pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) iko juu muda wote, alfajiri watu wamelala hata saa tatu usiku, haipandi wala haishuki. Hapo unapambana na umbali, na ruta haina kosa.

Wengi hukimbilia kufungua poti (milango yenye namba ambayo data hupitia kwenye ruta) ili kutibu ya pili au ya tatu. Poti hazipunguzi pingi hata kidogo.

NAT: anza kwa kuangalia anwani, si poti

Kwenye PlayStation 5 ingia Settings, Network, Connection Status, kisha Test Internet Connection. Utapewa Type 1, 2 au 3. Type 2 inatosha kabisa. Type 1 hutokea pale konsoli inapounganishwa na intaneti bila ruta katikati, kwa hiyo usiihangaikie. Ya kutibu ni Type 3. Kwenye Xbox ingia Settings, General, Network settings, kisha Test NAT type. Open ni nzuri, Moderate inavumilika, Strict itakuzuia kukutana na wenye Moderate na Strict. Nintendo Switch hutumia herufi, na A au B hazina shida.

Nyumba nzima hutoka nje kwa anwani moja ya IP. Konsoli ikiomba kitu nje, ruta hukumbuka nani aliomba, na jibu likirudi hulipeleka panapostahili. Lakini gemu inayounganisha mashine za wachezaji moja kwa moja huleta pakiti (vipande vya data) ambazo hakuna aliyeziomba, na ruta huzitupa, kama mlinzi wa geti anayemrudisha mgeni asiyejua amekuja kwa nani. Kufungua poti ni kumwachia mlinzi jina la mwenyeji.

Shida ni kwamba geti linaweza kuwa si lako. Kampuni nyingi za intaneti, hasa za 4G na 5G lakini hata baadhi ya za faiba, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mpango huo huitwa CGNAT. Ukiwa ndani yake, unaweza kufungua poti zote za ruta yako na matokeo yasibadilike. Ndiyo maana kipimo hiki kinatangulia:

1. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari. Anwani ya kawaida ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Vifaa vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta zake za laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Isipofunguka, itafute kwenye kibandiko chini ya ruta, au kwenye simu tazama maelezo ya Wi-Fi sehemu iliyoandikwa Gateway.
2. Tafuta ukurasa wa hali ya WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti) au Internet Status, uandike anwani ya IP unayoiona hapo.
3. Ukiwa kwenye mtandao huohuo, bila VPN, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, ulinganishe. Hakikisha unalinganisha IPv4 na IPv4, ile yenye namba nne zilizotenganishwa kwa nukta.

Zikifanana, uko huru: shida iko ndani ya nyumba na unaweza kuimaliza mwenyewe. Zikitofautiana, soma namba za WAN. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hiyo ni CGNAT bila ubishi. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10 na hakuna ruta nyingine mbele ya hiyo, karibu hakika ni mambo yaleyale. Ikianza na 192.168, kuna ruta nyingine mbele ya yako, na mara nyingi iko hapohapo nyumbani.

Kwa aliye nyuma ya CGNAT njia ni chache. Piga simu huduma kwa wateja, usiseme "gemu inakwama", maana watakuambia uzime na kuwasha. Sema: "Naomba anwani ya IP ya umma kwenye akaunti yangu." Baadhi huitoa bure ukiomba, wengine kwa ada ya mwezi, wengine kwa wateja wa biashara pekee. Uliza pia kama wanatoa IPv6 (mfumo mpya wa anwani), kwa sababu Xbox huipa kipaumbele, na yenyewe haihitaji NAT. Wakikataa yote mawili, chagua gemu na aina za mechi zinazopitia seva za kampuni ya gemu. Hizo huchezeka hata kwa Strict.

Ruta mbili nyumba moja

Hili ni la kawaida sana. Fundi wa faiba amefunga kifaa chake chenye Wi-Fi, wewe ukanunua ruta nyingine ili chumba cha nyuma kipate mtandao, ukachomeka waya kwenye tundu la WAN. Sasa kuna NAT juu ya NAT, na Xbox hukuambia waziwazi kwamba imeona Double NAT.

Dawa rahisi ni kuigeuza ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu. Nyingi zina chaguo la Access Point Mode. Kama haina, fanya kwa mkono: ipe anwani isiyogongana na ya kwanza (ya kwanza ikiwa 192.168.100.1, ipe 192.168.100.2), zima DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Fuata mpangilio huo. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, ruta mbili zitaanza kugawa anwani kwa pamoja, na nusu ya simu za nyumbani zitapoteza mtandao.

Njia ya pili ni kuweka kifaa cha faiba kwenye Bridge (kipitishe data tu bila NAT), ruta yako ifanye kazi yote. Ni safi zaidi, ila muunganisho ukiwa wa PPPoE (unaoingia kwa akaunti) utahitaji jina na nywila kutoka kwa kampuni. Zipate mkononi kwanza. Ukibonyeza Bridge bila hizo umejikatia mtandao, na kuurudisha kunaweza kuhitaji fundi.

UPnP kwanza, poti kwa mkono baadaye

UPnP huiruhusu konsoli kuiomba ruta ifungue poti inazohitaji na kuzifunga baadaye. Iwashe, hifadhi, zima na kuwasha ruta, kisha zima na kuwasha konsoli. Ikiwa ilikuwa imewashwa na NAT bado ni mbaya, izime, zungusha umeme wa ruta, uiwashe upya. Orodha ya maombi ya zamani huwa inaganda. Angalia pia kiwango cha ulinzi wa ruta: kikiwekwa High kinaweza kuzuia kila kitu hata UPnP ikiwa hai.

UPnP ikishindwa, au ukiwa huipendi kwa sababu programu mbaya kwenye kompyuta yaweza pia kuitumia, ambayo ni hofu ya haki, fungua poti mwenyewe. Kwanza ipe konsoli anwani isiyobadilika. Tafuta DHCP Reservation au Static DHCP, weka anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya konsoli na IP unayoitaka, mfano 192.168.1.50. Konsoli ina MAC mbili, moja ya waya na moja ya Wi-Fi, na kosa la kusajili ya Wi-Fi huku ukicheza kwa waya ndilo linalofanya poti "zikatae" bila sababu inayoonekana.

Kisha kwenye Port Forwarding au Virtual Server elekeza hizi kwenye IP hiyo (TCP na UDP ni njia mbili za kusafirisha data):

- PlayStation: TCP 3478 hadi 3480, UDP 3478 na 3479.
- Xbox: TCP na UDP 3074, pamoja na UDP 88, 500, 3544 na 4500.

Orodha nyingi huongeza 80, 443 na 53. Ziache. Konsoli huzitumia kwenda nje, si kupokea, na kwenye baadhi ya ruta utagongana na ukurasa wake wa usimamizi. Gemu fulani zina poti zake za ziada. Ziongeze kutoka tovuti ya gemu yenyewe.

Poti moja haiwezi kuelekezwa kwenye mashine mbili. Nyumba yenye Xbox mbili, au Xbox na PlayStation zinazocheza gemu moja inayotaka 3074, futa maelekezo ya mkono uiachie UPnP. Xbox ina msaada mwingine: Network settings, Advanced settings, Alternate port selection, chagua poti tofauti kwa kila moja. Usichanganye UPnP na maelekezo ya mkono ya poti ileile.

DMZ hufungua kila kitu kwa mashine moja. Kama kipimo cha dakika tano inafaa: NAT ikipona ukiwa DMZ, ujue uliandika poti vibaya. Usiiache hivyo, na kamwe usiielekeze kwenye kompyuta.

Kukwama katikati ya mechi

Chukua kompyuta, iunganishe kama konsoli ilivyounganishwa, fungua madirisha mawili ya amri. Moja andika ping -t 192.168.1.1 (weka anwani ya ruta yako), la pili ping -t 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje). Yaache yaende dakika kumi nyumba ikiwa na pilikapilika zake.

Dirisha la ruta likipanda kutoka milisekunde 3 hadi 200, Wi-Fi ndiyo mgonjwa. Dawa ya kwanza ni waya: Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na ni rahisi kuliko ruta yoyote mpya. Kama waya hauwezekani, hamia 5 GHz, chaneli 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kuhama ikihisi rada, na kuhama huko ni kukatika kwa mechi. PlayStation 4 ya kwanza kabisa haina 5 GHz; kwa konsoli hiyo, au kwa nyumba yenye kuta nene kama za Mji Mkongwe ambako 5 GHz haipenyi, tumia 2.4 GHz kwa chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Upana wa 40 kwenye 2.4 GHz mtaa uliojaa ruta ni kujitafutia kelele.

Dirisha la ruta likitulia lakini la 8.8.8.8 likaruka mtu anapopakia kitu, foleni imejaa ndani ya ruta au modemu. Gemu yenyewe hutumia kidogo, kwa kawaida chini ya Mbps 1, ila pakiti zake zinasubiri nyuma ya video. Tafuta QoS au SQM (mipangilio ya kupanga foleni) na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, si iliyotangazwa: ukipima 20 weka 17 au 18, kupakua na kupakia vyote. Ukiandika 20 kamili foleni hubaki kwa kampuni, na mpangilio haufanyi chochote. Kwa laini za 4G kasi hubadilika kila saa, hivyo tumia kipimo cha jioni.

Pingi isiyoshuka

Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi kilomita 100 ni milisekunde moja. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo hata kebo ikinyooka hivyo huwezi kushuka chini ya 70, na kebo za baharini hazinyooki. Kwenye gemu inayoruhusu, jaribu seva za Afrika Kusini au za Mashariki ya Kati na uchague ya chini. Usishangae ya Johannesburg ikizidiwa na ya Ulaya: njia hupangwa na kampuni, si ramani. Pingi ikipanda ghafla kwa mtaa mzima, chunguza habari za kebo. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ililia.

DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, haibadilishi pingi ya mechi. Huweza kuharakisha kuingia au kupakua, basi.

Dalili moja ya pekee: unaingia akaunti, lakini gemu fulani inagoma kupakia. Shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. PPPoE hula baiti 8, hivyo 1500 hubaki 1492. Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 8.8.8.8. Ikijibu, 1492 inapita. Ikikataa punguza 1464 kwa kumi kumi hadi ijibu, ongeza 28, na namba hiyo uiweke kwenye WAN ya ruta.

Umeme ukirudi

NAT nyingi huharibika baada ya umeme kukatika kwa sababu konsoli na ruta huwaka pamoja, au konsoli inaamka ikidhani poti bado ni zake. Washa kifaa cha faiba, subiri taa ya PON (ya muunganisho wa faiba) itulie. LOS nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa na hakuna mpangilio utakaosaidia. Kisha ruta, kisha konsoli. Xbox izime kabisa kwa kushikilia kitufe sekunde 10. Betri ndogo ya volti 12 inayokaa kati ya soketi na ruta humaliza kero hii. Soma kibandiko cha chaja ya ruta kwanza, maana baadhi hutaka volti 9, na ampea za betri zisiwe chini ya zilizoandikwa hapo.