Sarafu mbili, shilingi 250: namna ya kulitegua fumbo

"Nina sarafu mbili za Tanzania, jumla shilingi 250. Moja kati yake si ya hamsini. Ni zipi?"

Ukitegewa hili kwenye benchi la kahawa pale Moshi, usianze na sentensi ya mwisho, maana ndiyo mtego wenyewe. Iweke kando, upige hesabu kwanza.

Sarafu zinazozunguka ni nne: 50, 100, 200 na 500. Ya 500 imeshazidi. Ukichukua ya 100, zinabaki 150, na sarafu ya namna hiyo haipo. Ukichukua ya 200, zinabaki 50. Basi jozi ni moja tu, 200 na 50, na hata mzee akichomoa shilingi 20 ya zamani haimsaidii, kwa sababu hakuna sarafu ya 230.

Sasa rudi kwenye ile sentensi. Moja si ya hamsini: kweli, ni ya mia mbili. Nyingine ndiyo ya hamsini, na hakuna aliyesema vinginevyo.

Watu hukwama kwa sababu sikio husikia "moja kati yake si ya hamsini", kichwa kikaandika "hakuna ya hamsini". Ndivyo tulivyozoea kuongea: mtu akitaja kitu kwa kukikana, tunajua anakiondoa kabisa. Aliyekwama mwambie arudie maneno yako neno kwa neno. Wengi hukosea hapo hapo, na hapo ndipo wanapojigundua.

Ukitega wewe, chunga maneno. Ukisema "hizi si za hamsini" umedanganya, na fumbo limekufa. Ukisema "moja TU si ya hamsini" umelichoma, kwani msikilizaji atajua papo hapo kuwa nyingine ni ya hamsini. Taja pia kuwa ni za Tanzania. Huku mpakani, Holili haiko mbali, na mjanja mmoja ataleta shilingi za Kenya abishane mpaka kahawa ipoe.

Kiasi unaweza kubadili. Kwa sarafu mbili zisizofanana zinafaa 150, 250, 300, 550, 600 na 700, na kila jumla ina jozi moja tu. Unayoikana iwe mojawapo ya hizo mbili. 550 ni dhaifu, maana 500 na 50 zinasikika ndani ya jumla yenyewe. Kwa 100, 200, 400 na 1,000 sarafu zote mbili ni sawa, kwa hiyo ukikana moja umesema uongo.

Sarafu tatu ni hatari zaidi. 350 iko salama: 200, 100 na 50. Lakini 300 inatoka kwa 100 tatu, au 200 na 50 mbili, na 600 ina majibu mawili vilevile. Utashindwa kwa fumbo lako mwenyewe.

Wakichoka, dai mji kama kwenye kitendawili chochote. Wakishakupa Marangu, usieleze kitu. Weka sarafu mezani upande wa wanyama, kidole kwenye simba: "Hii si ya hamsini." Kisha kwenye kifaru: "Hii ndiyo." Ukianza na kifaru watadai umewadanganya.