Funga kitabu kwanza, ndipo uandike

Mwaka wa kwanza chuoni, wengi huandika muhtasari huku kitabu kikiwa wazi mbele yao. Kinachotoka ni sentensi ya mwandishi yuleyule, maneno mawili matatu tu ndiyo yamebadilishwa. Mhadhiri huigundua mara moja.

Soma aya mpaka uielewe, funga kitabu, kisha mweleze mwenzako wa chumba kwa mdomo. Hayo uliyomwambia ndiyo uyaandike. Ukikwama, bado hujaelewa, rudi usome. Kitabu ukifungue tena kuhakiki majina, miaka na takwimu tu.

Halafu usichanganye kufupisha na kusema upya. Chukua Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lilimkataza kiongozi wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Ukifupisha, unasema: Azimio liliwazuia viongozi kujinufaisha kwa njia za kibepari. Imetosha. Ukisema upya kwa maneno yako, makatazo yote manne lazima yabaki, ila muundo wa sentensi uwe wako. (Kwenye mtihani, hapa ndipo wengi hupoteza alama.)

Kote kuwili chanzo hutajwa, hata kama hukunukuu neno lolote. Namba ya ukurasa iandike daftarini palepale unaposoma. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi hutaipata.