Jinsi ya kupitia bima ya nyumba na kuomba irekebishwe: kwa wenye nyumba wa Arusha na Moshi

Bima nyingi za nyumba huzaliwa benki. Unakopa, benki inataka jengo likatiwe bima, fomu inajazwa pale pale kaunta na mambo yanaishia hapo. Kiasi kinachoandikwa mara nyingi hufuata deni, si gharama ya kuijenga nyumba upya. Benki inakuwa imejikinga. Mwenye nyumba bado. Fanya mapitio mwezi mmoja au miwili kabla ya mkataba kuisha. Ukiwa jirani na mto Themi, Naura, Rau au Karanga, maliza kabla ya masika kuanza Machi, kwa sababu hakuna kampuni itakayokuongezea kinga ya mafuriko maji yakiwa mlangoni.

Pata mkataba wote

Kavanoti, yaani hati fupi ya kuthibitisha kuwa umekatiwa bima, peke yake haitoshi. Unahitaji jedwali la mkataba, masharti yake na nyongeza zote. Kama viko benki, andika barua kwa meneja wa tawi uombe nakala, kwani ada ya bima unailipa wewe. Kwenye jedwali kagua jina la mkatiwa bima, namba ya kiwanja na kitalu, aina ya kuta na paa, matumizi ya nyumba, kiasi cha bima ya jengo, kiasi cha bima ya vyombo (hivi ni viwili tofauti) na eksesi, yaani sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe kwa kila dai. Palipoandikwa "makazi" wakati chumba cha mbele ni saluni, au nyumba ya uani inalaza watalii, parekebishwe mapema. Mkadiriaji hasara akija, hapo ndipo huanzia.

Kokotoa gharama ya kujenga upya

Sahau bei ya soko. Nyumba ya Njiro au Shanty Town inauzwa ghali kwa sababu ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kuisimamisha nyumba ile ile kwa bei ya leo ya saruji, nondo, mabati na ufundi. Pima kwa nje, urefu mara upana, kisha muulize mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa gharama ya mita moja ya mraba kwa nyumba ya aina yako. Makadirio ya fundi wa mtaani yanakusaidia kujua ulipo, ila kampuni inaweza kuyakataa.

Tuseme nyumba ina mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120, na kila mita ni shilingi 700,000: jumla milioni 84. Uzio, geti na tangi la maji milioni 8. Kuondoa kifusi, michoro, kibali na ada za wataalamu milioni 8. Hizi husahaulika karibu kila mara. Jumla milioni 100.

Sasa mkataba wako unasema milioni 60. Jiko linaungua, hasara ni milioni 20. Usitarajie milioni 20 eti kwa kuwa ni ndogo kuliko 60. Mkataba ukiwa na kanuni ya uwiano, na mingi inayo, kampuni itasema umekata bima ya asilimia 60 ya nyumba, basi inalipa asilimia 60 ya hasara: milioni 12, kisha inatoa eksesi. Kupandisha kiasi hakugharimu kama watu wanavyodhani. Kiwango cha ada kikiwa asilimia 0.2, nyongeza ya milioni 40 ni shilingi 80,000 kwa mwaka kabla ya VAT. Kuzidisha kupita gharama halisi nako hakuna faida. Hutalipwa zaidi ya hasara.

Vyombo na majanga

Pita chumba kwa chumba, orodhesha vitu, bei ya kununua kipya leo, na namba ya utambulisho (serial number) ya kila kifaa cha umeme. Piga picha, uzihifadhi mahali pengine nje ya nyumba hiyo. Angalia kikomo cha thamani kwa kitu kimoja, maana dhahabu na kompyuta huishia humo. Angalia pia kama bima inafidia bei ya kitu kipya au inakata uchakavu.

Kisha soma yasiyolipwa. Wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga ya wizi mara nyingi husimama; anayefunga nyumba ya Moshi akakaa Dar miezi mitatu atoe taarifa kwanza. Friji iliyoungua umeme uliporudi kwa kishindo huhitaji nyongeza yake. Uzio na mageti mara nyingi huondolewa kwenye kinga ya dhoruba. Nyufa za msingi kutitia kwa kawaida hazilipwi. Tetemeko usilidharau, angalia kama limo kwenye kinga: Julai 2007 mitikisiko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai ilisikika Arusha hadi Nairobi.

Peleka maombi

Andika barua ya kuomba nyongeza ya mkataba: namba ya mkataba, kiasi cha zamani, kiasi kipya, kinga unazoongeza. Ambatisha makadirio, picha, orodha ya vyombo, nakala ya kitambulisho cha NIDA na TIN. Kama nyumba iko rehani, nakala moja iende benki. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mkaguzi akija, mwoneshe kila kitu, hata banda la mbao lililoungwa kwenye ukuta. Ukilificha linaweza kuvunja dai zima.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si namba ya simu ya wakala, na udai risiti. Kabla ada haijalipwa, nyongeza haijaanza kazi. Baada ya hapo hakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwamba bima yako inaonekana, na usome hati ya nyongeza neno kwa neno: sifuri moja ikipungua, milioni 100 inakuwa 10.

Kampuni ikikaa kimya, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, kisha nenda ofisi ya TIRA Kanda ya Kaskazini, Arusha. Mgogoro wa dai lenyewe hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na jibu la maandishi la kampuni mkononi.